Mwanafunzi Anaposahihisha Kazi ya Mwenzake

Mwalimu wa lugha anayewaachia wanafunzi wake wasomeane insha katika majadiliano ya mtandaoni haichukui muda kabla hajaona mambo mawili. La kwanza ni sifa tupu. "Hongera, umeandika vizuri sana," huandika mmoja, na maneno hayo yaweza kubandikwa chini ya insha yoyote, iliyosomwa na isiyosomwa. La pili ni dharau: "Hiki si Kiswahili." Aliyesifiwa hajui ni kitu gani alichokifanya kikafaa. Aliyedharauliwa anajua jambo moja tu, kwamba wiki ijayo ni heri anyamaze.

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, katika miji kama Kampala, Kigali, Bujumbura na Bukavu, kunyamaza huko si jambo dogo. Mwanafunzi wetu aghalabu ana Kiswahili cha sokoni na Kiswahili cha kitabuni, naye huvuka kutoka kimoja kwenda kingine kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Akinyamazishwa katikati ya mto, hurudi ukingo aliotoka.

Wako wanaodhani kwamba kasoro hizi mbili zimeletwa na kompyuta. Historia yaonyesha vingine. Wanafunzi walianza kupewa kazi ya kusahihishana zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na katika muda mwingi wa miaka hiyo swali lililotawala halikuwa namna ya kumsaidia mwandishi. Swali lilikuwa nani ni bora kuliko nani.

Mwaka 1789 Andrew Bell, kasisi Mskoti, alikabidhiwa usimamizi wa shule ya yatima wa kiume mjini Madras, Bara Hindi. Huko aliwaona watoto wa shule za kienyeji wakijifunza herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole, akataka njia hiyo itumiwe katika shule yake. Walimu wake wasaidizi hawakuipenda. Basi Bell akampa kazi hiyo mvulana wa miaka minane, naye akawafundisha wadogo zake alfabeti bila matatizo. Bell alieleza jaribio lake katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1797, na mwaka uliofuata kijana mwingine, Joseph Lancaster, akaanza shule ya watoto maskini kusini ya mto Thames ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la barabara yake, Borough Road. Ukumbi ulikuwa mmoja, mwalimu mmoja, na wanafunzi mamia. Kazi yote ya kusikiliza, kusahihisha na kuadhibu ilipitia kwa viranja, ambao wenyewe walikuwa watoto.

Yafaa tuangalie jinsi kusahihishana kulivyofanyika humo. Kila mtoto alikuwa na nafasi yake katika mstari. Akikosea tahajia, na aliye chini yake akaitaja sawasawa, walibadilishana nafasi: mmoja akapanda, mwingine akashuka. Kosa la mwenzako lilikuwa ngazi yako. Mtoto alimsikiliza jirani yake kwa makini kweli kweli, lakini kwa makini ya paka aliyeketi mlangoni mwa shimo la panya. Sisemi kwamba mfumo huu haukuwa na faida. Uliwafundisha kusoma watoto ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwalipia ada, tena ulienea katika nchi nyingi kwa muda mfupi. Hata hivyo, yeyote aliyesoma katika shule ambamo namba za mwisho wa muhula husomwa kwa sauti mbele ya wazazi ataitambua roho yake mara moja.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Glasgow, kulikuwa na mtu aliyeliendea jambo hili kwa njia tofauti. George Jardine alifundisha mantiki katika chuo kikuu cha mji huo kuanzia mwaka 1774 hadi 1824, naye alieleza njia zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1818. Aliamini kwamba kijana hajifunzi kufikiri kwa kuandika tu yale anayoyasema profesa. Sharti aandike mwenyewe, tena mara nyingi. Lakini darasa lilikuwa kubwa, na insha hazisomeki zote na mtu mmoja. Kwa hiyo Jardine alichagua baadhi ya wanafunzi wawe watahini, wakagawiwa insha za wenzao na kuandika maoni yao juu yake. Mpaka hapo hakuna tofauti kubwa na viranja wa Lancaster. Tofauti ni kwamba maoni ya watahini nayo yalipitiwa na profesa. Mhakiki naye alihakikiwa. Kijana aliyeandika "mbaya" bila sababu alijua kwamba neno hilo litapimwa kama lilivyopimwa kosa la mwenzake. Naona kwamba hapa ndipo mambo yalipoanza kugeuka, ingawa Jardine hakupata wafuasi wengi baada ya kufa kwake.

Katika vyuo vya Marekani kazi hii ilibaki zaidi mikononi mwa vyama vya wanafunzi vya fasihi na mijadala, ambavyo vingi vilikuwa na mjumbe maalumu aliyeitwa mhakiki. Kisha mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha rasmi warsha yake ya uandishi, na kutoka hapo ikaenea desturi ambayo waandishi wengi wa Kimarekani wameipitia: kazi ya mtu husomwa na wenzake wote, hujadiliwa mezani, naye mwenyewe hutakiwa akae kimya mpaka wamalize. Wanaoitetea husema kwamba kitabu kikishauzwa mwandishi hatakuwa kando ya msomaji ili amweleze alichokusudia. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini desturi iliyomfaa mtu mzima aliyekwisha jiita mwandishi haifai kuchukuliwa nzima nzima hadi kwa mtoto wa kidato cha pili anayetafuta kwanza kauli ya kusemea.

Nasi Waswahili tulikuwa na shule yetu ya namna hii, tena ya maandishi, kati ya watu wasioonana uso kwa uso. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa katika uhasama. Karne moja baadaye malumbano yalihamia magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa ambao mtu wa Tanga aliweza kutoa fumbo, mtu wa Tabora akalifumbua, na wa tatu akawakosoa wote wawili. Aghalabu mwenye kujibu aliifuata bahari ya shairi alilolijibu, kwa vina vile vile na mizani ile ile, na katika beti za mwanzo alimsalimu mwenziwe kabla ya kumkabili.

Desturi hiyo ina siri moja ambayo walimu hatujaitumia vya kutosha. Mtu hawezi kulijibu shairi kwa vina vyake lenyewe pasipo kulisoma mara kadhaa, kulihesabu, na kulionja mdomoni. Kanuni ya kujibu ilimlazimisha mhakiki awe msomaji kwanza. Kadhalika, kipimo kilikuwa wazi kwa wote, hasa baada ya Kaluta Amri Abedi kuchapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Aliyeambiwa kwamba mizani yake imepungua hakuambiwa kwamba yeye ni mjinga. Aliweza kuhesabu mwenyewe akaona.

Tusijisifu kupita kiasi lakini. Kipimo kilicho wazi kina hatari yake: mtu huona kile tu kinachopimika. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, ulizuka mgogoro uliochukua miaka mingi. Wengi walijadili kama yale ni mashairi au si mashairi. Waliouliza yalikuwa yanasema nini walikuwa wachache. Mwanafunzi anayesoma insha ya mwenzake na kuorodhesha herufi kubwa zilizosahaulika, huku insha yenyewe inaeleza kifo cha bibi yake mwandishi, amerithi udhaifu huo huo.

Mgeuko mkubwa ulikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nao haukuanzia katika somo la lugha. M. L. J. Abercrombie, aliyewafundisha wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha London, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba vijana hawa hujifunza kutoa uamuzi mzuri wanapotazama kitu kimoja pamoja, na kila mmoja akalazimika kueleza ni kitu gani hasa alichokiona na ni kipi alichokidhania. Wengi walikuwa wakichanganya haya mawili pasipo kujua. Mbele ya picha ya eksirei mmoja husema "ameona" ugonjwa, kumbe ameona kivuli na kukisia yaliyobaki. Ni mpaka mwenzake aliyeona vingine azungumze ndipo hugundua kwamba alikisia.

Fundisho hili lilichukuliwa na Kenneth Bruffee, mwalimu wa uandishi katika Brooklyn College, New York. Mwaka 1970 vyuo vya umma vya mji ule viliwafungulia milango vijana wengi ambao zamani wasingepokelewa, wengine wakiwa na Kiingereza cha mtaani ambacho walimu wao hawakukizoea. Vijana hawa hawakupenda kwenda kuomba msaada kwa walimu, lakini walikubali kusomewa na wenzao. Bruffee hakuwaachia wenzao hao waseme lolote. Katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1972 alidai kwamba msomaji, kabla ya kutoa hukumu yoyote, aeleze kwanza kila aya inasema nini, na kisha inafanya nini katika insha nzima: inaanzisha hoja, inaleta mfano, inapinga, au inarudia yaliyokwisha semwa. Hukumu ilikuja baadaye. Mwaka uliofuata, 1973, Peter Elbow alichapisha kitabu juu ya darasa lisilo na mwalimu, ambamo wasomaji hutakiwa wasimulie yaliyopita akilini mwao wakati wa kusoma: hapa nilivutika, hapa nilipotea, hapa nilidhani unakwenda kaskazini kumbe unakwenda kusini.

Watu hawa wawili hawakuafikiana katika mambo yote, na hatuna haja ya kuwapatanisha. Ila wote wawili walimwondolea mwanafunzi mzigo usiokuwa wake. Mwanafunzi si hakimu wa lugha, wala hawezi kuwa. Lakini ni msomaji, na juu ya yaliyomtokea alipokuwa akisoma yeye ndiye shahidi wa kwanza. Mwalimu mwenyewe hawezi kumshinda katika ushahidi huo.

Tuje sasa kwenye kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Illinois kulikuwa na mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO, uliounganisha vituo vingi kwenye kompyuta moja. Watumiaji walipoona hitilafu katika programu waliziandika katika faili moja iliyo wazi kwa kila mtu, na kwa kuwa ilikuwa wazi, mtu yeyote aliweza kufuta maneno ya mwingine. Mwaka 1973 kijana wa miaka 17, David Woolley, alitengeneza programu iliyoondoa kasoro hiyo. Kila taarifa ilibaki mahali pake na jina la mwandishi na tarehe, na majibu yakapangwa chini yake kwa zamu. Basi mojawapo ya njia za mwanzo kabisa za kujadiliana kwa kompyuta ilizaliwa kutokana na haja ya kutaja makosa pasipo kufutana. Walimu wa lugha tungefurahi kuwa na asili nzuri kama hiyo.

Lakini upesi likaonekana tatizo ambalo halikuwako mezani kwa Bruffee, yaani kimya. Mwaka 1982 taasisi moja ya La Jolla, California, ilianza kuwafundisha wakuu wa makampuni na idara kwa njia ya mtambo wa mikutano uliokuwa New Jersey, na Andrew Feenberg, mwanafalsafa aliyeshiriki, ameeleza yaliyotokea. Mwalimu aliandika somo refu, akangoja. Hapakuwa na jibu. Darasani mtu hutikisa kichwa, hutabasamu, huguna, na msemaji akajua kwamba amesikika. Katika mtambo, aliyesoma akakubali na asiyesoma kabisa wanafanana, kwani wote hawakuacha alama. Wanafunzi wakubwa kwa umri na cheo, waliozoea kuamrisha ofisini, walishikwa na hofu ya kuandika sentensi moja.

Dawa waliyoipata ilikuwa ya kiutu zaidi kuliko ya kimitambo. Kiongozi wa majadiliano alijifunza kuuliza maswali mafupi badala ya kuhutubu, na kila baada ya muda aliyakusanya maoni yaliyotawanyika, akaonyesha hili lilivyofungamana na lile, na nani alimjibu nani hata kama mwenyewe hakujua. Feenberg akaliita jambo hilo kusuka. Msomaji wa pwani atakumbuka ukili: chane moja haisemi kitu mpaka nyingine ipite juu yake, na mkeka wenyewe ni ukili mwingi ulioshonwa pamoja.

Mwaka 1985 Trent Batson alianza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, mpango ambao kwa maoni yangu unastahili kujulikana zaidi kwetu. Wanafunzi wake walizungumza kwa lugha ya alama, na Kiingereza cha maandishi walikijua hasa kama kitu kinachorudi kutoka kwa mwalimu kikiwa na wino mwekundu. Batson akawaketisha mbele ya kompyuta zilizounganishwa, wakazungumza wao kwa wao kwa kuandika. Kwa mara ya kwanza wengi wao walikitumia Kiingereza kumwuliza rafiki swali, kumtania, kumpinga. Mwenzao alipokosa kuelewa aliuliza, na swali lile likawa sahihisho lisilo na wino. Vyuo vingine viliuiga mpango huo, na si kote ulifaulu. Baadhi ya walimu waliona mazungumzo yakigeuka mzaha na matusi mara tu wao walipokaa kando.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoingiza majadiliano ya kompyuta katika kozi moja mwaka 1988, kikiwa na wanafunzi zaidi ya elfu moja, ilionekana tena kwamba wengi husoma pasipo kuandika. Ya baadaye nayapita upesi. Kufikia mwaka 2012 zilikuwako kozi zenye wanafunzi makumi ya maelfu duniani, ambamo wenzao waliwapa alama kwa kufuata jedwali, na mtambo ukatafuta wastani. Wengi walipokea namba pasipo neno. Hapo safari ilikuwa imerudi Borough Road.

Kwetu mambo haya yalikuja kwa kishindo. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Waliokuwa na simu walifuata masomo kwa vikundi vya simu. Wasiokuwa nayo walifuata redio, au hawakufuata chochote. Katika vikundi hivyo mwalimu mmoja hakuweza kujibu kila insha, kama Jardine asivyoweza, na wanafunzi wakaachiwa wajibizane. Wakati huo huo mipaka ya lugha ilikuwa inapanuka: Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo katika majadiliano ya mtandaoni mwanafunzi wa Kigali anaweza kusoma kazi ya mwenzake wa Lubumbashi ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mama, lakini si kile kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Lubumbashi anaeleza siku yake, na katika aya ya kwanza anaandika: "Asubuhi ninasaidiaka mama, kisha ninaendaka shule." Jibu lililo jepesi tunalijua. Lakini tuseme mwenzake wa Kigali amefundishwa kwa utaratibu wa Bruffee. Kwanza ataandika kwamba aya hii inasema jinsi siku inavyoanza, na kwamba inatayarisha habari ya soko inayofuata. Kisha ataandika kwamba alisimama kwenye "ninasaidiaka", kwa sababu katika kitabu chake angeandika "humsaidia mama", naye atauliza: je, hilo -aka kwenu lina maana gani? Hilo si swali la adabu tu. Hajui kweli, na mwandishi anajua. Atajibiwa kwamba kwao -aka huonyesha jambo la mazoea, lile linalofanyika siku zote, ndiyo sababu hakuandika "ninasaidia", ambalo lingeweza kuwa la leo tu. Mara mwenye kuuliza atakumbuka kwamba Kinyarwanda chake kina -aga yenye kazi inayokaribiana na hiyo, na huenda kwa mara ya kwanza ataelewa kwa nini Kiswahili sanifu kina hu- na kwa nini haichukui nafsi. Mwandishi naye atakuwa amepata umbo la kitabuni pasipo kuambiwa kwamba la mama yake si lugha.

Alama ya insha ile, kwa kipimo cha mtihani, haitabadilika. Mtahini atataka "humsaidia", na mwalimu wa Lubumbashi atapaswa kumwambia hivyo mwanafunzi wake kabla ya siku ya mtihani kufika.